Kikao Kisicho na Mwenyekiti

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, na kabla haijakatika Mshonaji alikuwa mlangoni. Anaishi chini yetu, ghorofa ya nne, na cherehani yake naisikia hata nikiwa jikoni. Hakutaka kukaa. Alinishika mkono, akanishusha hadi ghorofa ya pili, akanionyesha ukuta wa ngazi.

Ufa. Unaanzia kwenye kona ya dirisha na kupanda kama mshipa kwenye mkono wa mtu mzima. Niliingiza ukucha. Mshonaji akaingiza ncha ya mkasi wake, ikazama.

"Wiki iliyopita haukuwa hivi," alisema.

Mwenye jumba hapokei simu. Majirani wanataka kikao, na vikao vya jumba letu navijua. Mzee Posta wa ghorofa ya tatu, aliyestaafu huko posta akiwa mkubwa wa ofisi, hushika uenyekiti ambao hakuna aliyempa. Huongea mpaka watu wanasinzia, humaliza na "usipoziba ufa utajenga ukuta", tunapiga makofi, tunapanda kulala. Sasa Mshonaji anataka niwafanyie vile vikao tunavyofanya chuoni, ninakofundisha wauguzi: watu wanakaa duara, hakuna mwenyekiti wala ajenda, kila mwenye jambo linalomnyima usingizi analiandika na kulibandika ukutani, na wanaolijali wanamfuata kwenye kona yake.

"Na wewe utafanya nini?" mume wangu aliuliza tulipokuwa tunakula.

"Nitafungua. Halafu nitanyamaza."

"Kikao bila mwenyekiti ni chungu bila mfuniko. Kikichemka, kinamwagika."

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Anaamini kila kitu lazima kiwe na mlango unaofungika. Nilicheka, lakini nikaenda na neno lake jikoni kuosha vyombo.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nimemwambia Mshonaji ndiyo.

Jumamosi, 15 Machi

Nataka kuandika leo kabla sijasahau jinsi ilivyokuwa.

Ukumbi wa chini zamani ulikuwa chekechea. Ukutani bado kuna herufi kubwa za rangi na twiga aliyefifia shingo. Nilipanga viti duara, kalamu nene na karatasi nikaweka katikati, sakafuni. Watu waliingia, wakaona hakuna meza ya mbele, wakasimama kama wageni msibani wasiojua mfiwa ni nani. Mzee Posta alizunguka duara lote akitafuta kiti cha mbele. Duara halina mbele. Mwishowe akakaa karibu na mlango, amekunja mikono.

Nikasema machache yaliyo ya lazima. Aliyekuja ndiye aliyetakiwa aje. Ukiona hapo ulipo husaidii wala husaidiki, inuka, miguu unayo, nenda kona nyingine, na hakuna atakayekununia. Halafu nikauliza: "Jambo gani la jumba hili linakunyima usingizi?" Nikakaa.

Ukimya.

Chuoni nimekaa na ukimya huu mara nyingi, lakini wale ni wanafunzi wangu, na kengele ikilia kila mtu anakwenda zake. Hawa ni watu ninaoishi nao ukuta kwa ukuta. Walinitazama. Mtu alikohoa. Kiti kikalia. Ulimi wangu ulikuwa unawasha kwa kutaka kusema neno, lolote lile, mzaha hata. Ndiyo kazi yenyewe hiyo, kutosema. Watu hudhani mwezeshaji hafanyi kitu. Hawajui kwamba amebeba ukimya wa ukumbi mzima mapajani kama mtoto wa mwenzie, na anaomba asimwangushe.

Aliyeinuka kwanza ni dereva wa lori wa ghorofa ya kwanza, yule tunayemwita Breki kwa sababu hana. Akaandika: UFA. Akabandika juu ya kichwa cha twiga. Watu wakacheka, na kicheko kile kikafungua mlango. Mshonaji akaandika: TUKIAMBIWA TUHAME TUTAKWENDA WAPI? Mama mmoja wa ghorofa ya sita akaandika: WAZEE WA JUU. Kona zikajaa. Walizungumza watu ambao sijawahi kusikia sauti zao zaidi ya salamu za ngazini.

Shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, ndiye msimamizi wa jumba. Analala chumba kidogo nyuma ya tangi la maji. Alisimama mlangoni muda wote, hakuandika kitu. Nilipomtazama, akatazama viatu vyake.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua usiku kucha. Mama mkwe anasema anasikia jumba likikohoa. Nimemwambia ni mabomba.

Jumamosi, 22 Machi

Kikao cha pili. Kona ya Mshonaji wamekwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, ametukubalia madarasa wakati wa likizo ikibidi. Kona nyingine wamepeleka taarifa ofisi ya mji. Wameambiwa mhandisi atakuja, zamu yetu haijafika. Hata Mzee Posta aliinuka, akaenda kona ya wazee, akasikiliza bila kukatiza mtu. Nilijisikia kama mtu aliyepanda mbegu kwenye bati ikaota.

Halafu Breki akabandika karatasi yenye neno moja: NANI?

Hakuna aliyeuliza nani wa nini. Kiangazi kilichopita chumba cha chini ya ngazi kilipanuliwa ili kipangishwe duka. Tulisikia nyundo siku nyingi. Sote tulimwona aliyeshika nyundo.

Kona ya Breki ilijaa kuliko zote. Waliongea kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililonitisha. Mvua ilikuwa inapiga madirisha, nikawa naona midomo tu. Sheria zangu zinasema jambo lolote linaruhusiwa ukutani. Nilizisema mwenyewe, kwa kinywa changu.

Jumatatu, 24 Machi

Mume wangu: "Lile neno ulitoe ukutani."

Mimi: "Si langu kulitoa."

"Ukumbi umefungua wewe."

"Nimeufungua. Sijaununua."

Hatukusemezana tena mpaka kulala. Mama mkwe, ambaye magoti yake yalikataa ngazi zamani na hajashuka tangu mwaka juzi, aliuliza mbona nyumba imepoa. Tukajibu wote wawili kwa pamoja kwamba ni mvua.

Jumatano, 26 Machi

Leo nilirudi kutoka chuoni nikasikia sauti ukumbini. Si siku ya kikao. Nikasukuma mlango. Walikuwa wamekaa duara, wanaume wengi na wanawake kadhaa, Breki miongoni mwao. Duara lile lile, nilivyowafundisha. Walinyamaza wote kwa mara moja.

"Karibu, Mama Pacha," alisema Breki kwa adabu. Majirani huniita hivyo kwa ajili ya mapacha wangu wanaosoma bweni nchi jirani. "Tunajiendesha wenyewe. Si ndivyo ulivyotuambia?"

Nikasema ndiyo, ndivyo. Nikafunga mlango taratibu kama mtu aliyekosea chumba. Nikapanda ngazi, na kila ghorofa nilipofika nilisimama, si kwa kuchoka. Wanakutana bila mimi, na ukimya walioniwekea ni ule unaowekewa ndugu wa mtu. Mimi si mwezeshaji tena kwao. Mimi ni mke wa kaka wa msimamizi.

Wa kuwalaumu simwoni. Penye wengi pana mengi, na mimi ndiye niliyesema mengi hayo yatoke.

Ijumaa, 28 Machi

Mlango wa shemeji umechorwa msalaba kwa mkaa. Niliuona nikienda kuchota maji. Yeye alikuwa ndani, amekaa kitandani, kofia mkononi.

"Futa, shemeji," nilimwambia.

"Nikifuta watajua nimeuona."

"Ondoka basi. Nenda kwa dada yenu mpaka mvua ziishe."

Alitikisa kichwa. "Nikiondoka watasema nimekimbia. Nikibaki..." Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea: "Shemeji, kwenye kikao chako, mtu yeyote anaweza kubandika karatasi?"

"Yeyote."

"Hata mimi?"

Nikasema hata wewe. Usiku huu wote najiuliza nimemjibu kama nani.

Jumapili, 30 Machi

Mlango wa jirani wa ghorofa ya pili haufungiki tena. Haujavimba. Fremu imepinda.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Chuoni mwanafunzi ameniuliza mbona naandika ubaoni na kufuta, naandika na kufuta.

Jumamosi, 5 Aprili

Naandika gizani, mwandiko ndio huu.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Saa ya kikao ilipofika ukumbi ulikuwa umejaa mpaka watu wamesimama nyuma ya viti. Nilifungua kama kawaida, nikakaa. Safari hii ukimya haukudumu. Breki aliinuka bila karatasi.

"Mambo ya kubandika tumemaliza," alisema. "Ufa umefika ghorofa ya nne. Watoto wetu wanalala humu. Aliyefanya kazi hii yumo humu humu, anakula na kulala. Aletwe."

"Aletwe," wakaitikia wengine. Si kwa kelele. Ingekuwa kelele nisingeogopa kiasi kile.

Mume wangu akasimama. Wanaume wawili walikuwa wameshaelekea mlangoni. Nilitaka kusimama na kusema, kama mwenyekiti, kaeni chini nyote. Ningesema, wangeona ninamlinda shemeji, na duara lingekatika vipande. Nisiposema, watamleta wakimburuta. Nimefundisha watu namna ya kukaa bila kuingilia, na hapo nilielewa kwamba somo hilo nimelifundisha kwa miaka bila kujua bei yake. Niliukamata ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

Mlango ulifunguka kabla hawajaushika. Shemeji aliingia mwenyewe, amelowa chapachapa. Wale wawili wakampisha, nadhani kwa mshtuko. Akapita katikati ya duara, akainama, akachukua kalamu. Aliandika polepole, maji yakimdondoka kutoka kwenye nywele hadi kwenye karatasi. Akabandika ukutani, akakaa kwenye kiti kilicho chini yake, kama mtu mwingine yeyote anayesubiri watu wa kona yake.

Karatasi ilisema: NGUZO NILIYOIKATA.

Hakuna aliyekwenda. Halafu Breki akaenda, na nyuma yake wakaenda wote, viti vikianguka. Nikaona mkono wa mtu umeshika mguu wa kiti.

Sijui niliinuka lini. Nakumbuka tu kwamba nilipita kati ya mabega yao nikaburuta kiti, nikakaa pembeni ya shemeji. Sikumshika, sikusimama mbele yake. Nilikaa.

"Mama Pacha, inuka hapo," alisema Breki.

"Nimechagua kona hii." Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto. "Nataka kusikia."

Nilijua kabisa kwamba kiti kile kikirushwa kitanipata na mimi. Nilitazama vifungo vya shati la Breki, sikuweza kupandisha macho zaidi. Ndipo nikasikia kitu kikiburutwa sakafuni. Mshonaji, na kiti chake. Akakaa upande wa pili wa shemeji, akaweka mkoba mapajani. "Na mimi nataka kusikia," alisema. "Huwezi kumwuliza mtu ukishamvunja mdomo."

Breki akachuchumaa mbele ya shemeji.

"Ulikata kiasi gani?"

Shemeji akaonyesha kwa viganja vyake. Watu wa nyuma wakauliza amesema nini, wa mbele wakawaonyesha kwa viganja vyao.

"Na nondo?"

"Nilikata na nondo. Nilimwambia mwenye jumba hii ni nguzo, inabeba. Akasema ni ukuta tu, na kama siwezi, wapo wanaoweza." Akawageukia wengine. "Ninalala nyuma ya nguzo hiyo. Usiku naisikia. Mimi mwenzenu nasema jumba hili lisilalwe leo."

Sijawahi kuona hasira ikitoka ukumbini namna ile. Ilitoka kama maji kwenye sinki, na kilichobaki chini kilikuwa hofu tupu, ya kila mtu. Ile niliyokuwa nayo peke yangu tangu mwezi uliopita sasa nikaiona kwenye nyuso zote. Breki akainuka, akageuka, na akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria:

"Nani yuko juu na hawezi kushuka mwenyewe?"

Sikufanya kitu tena baada ya hapo. Kona ya wazee walijua kila chumba chenye mgonjwa. Kona ya Mshonaji walikuwa na funguo za madarasa. Wengine wakapanga watu wapite ngazini wachache wachache, bila kukimbia, wakishika upande wa mbali na ufa. Shemeji akazima umeme na gesi.

Mama mkwe alishushwa na Breki, mgongoni. Nilitangulia mbele yao, ghorofa baada ya ghorofa, nikisikia chokaa ikidondoka na wao wakibishana.

"Kijana, polepole. Mimi si gunia la saruji."

"Najua, mama. Gunia halinipigi mgongoni."

Jumapili, 6 Aprili

Darasa la tatu. Familia nne. Mama mkwe amelala chini ya jedwali la kuzidisha, anasema hajawahi kulala shule hata alipokuwa mwanafunzi. Jumba limesimama. Mchana watu walikwenda kulitazama kutoka ng'ambo ya barabara kana kwamba litafanya kitu.

Jumanne, 8 Aprili

Limesimama.

Ijumaa, 11 Aprili

Jua, siku ya tatu mfululizo. Mwenye jumba ametuma mafundi wa lipu. Wameziba ufa wote, wamepaka rangi. Ukipita ngazini huoni kitu. Mhandisi wa mji bado. Likizo inakaribia kwisha na mwalimu mkuu anatukumbusha kwa upole, na foleni ya choo asubuhi inatukumbusha bila upole.

Wameanza kuninung'unikia. Nimesikia nyuma ya pazia la darasa la nne: "Tumekurupushwa na vikaratasi." Aliyesema hivyo ni mmoja wa wale waliokuwa wamekwenda mlangoni kumleta shemeji. Juma lililopita nilimwogopa kwa ukali wake, sasa namwogopa kwa wepesi wake wa kusahau.

Mume wangu naye: "Nilipita jana. Ukuta ni mzuri."

"Ukuta umepakwa rangi."

"Mgongo wa mama unaumia kwenye sakafu hii."

Hilo ni kweli.

Jumamosi, 12 Aprili

Kikao cha kurudi au kutorudi. Nilijua tangu asubuhi kwamba siwezi kukiongoza. Mwezeshaji hapaswi kutaka kitu, na mimi nilitaka kitu kimoja kwa mwili wangu wote: asirudi hata mtu mmoja. Nikampa Mshonaji kalamu, nikamwambia leo fungua wewe.

"Nitasema nini?"

"Swali. Halafu ukae."

"Na wakinyamaza?"

"Utaogopa. Usifanye kitu."

Alifungua vizuri kuliko mimi. Karatasi zikaja haraka: TUMECHOKA. LIPU IMEKAUKA. SHULE INAFUNGULIWA. TURUDI LINI? Nilikaa miongoni mwa watu, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi ilivyo mbali kutoka kiti hadi katikati ya duara. Niliinuka. Nikaandika neno moja, NAOGOPA, nikalibandika chini ya dirisha, nikakaa chini yake.

Aibu iliyonishika siwezi kuieleza. Mtu mzima, mwalimu wa wauguzi. Tangu Machi nimewakalia watu hawa na uso wa maji yaliyotulia, na sasa nimeuvua mbele yao.

Mume wangu alikuja kwanza. Alikaa ubavuni mwangu. Kisha yule mama wa ghorofa ya sita. Kisha Breki, ambaye alisema kwamba tangu ile siku, akiwa barabarani na lori lake, anasikia chokaa ikidondoka nyuma ya kiti. Shemeji alikuja akasimama pembeni. Wakaendelea kuja, wakisema kila mmoja anaogopa nini, na hakuna aliyesema kitu kile kile. Darasa likawa na kona mbili tu.

Mzee Posta alikuja mwisho, na fimbo yake.

"Binti, nimeongoza vikao maisha yangu yote," alisema. "Sijawahi kuona mtu akibandika hofu yake ukutani."

"Na wewe, mzee, huogopi?"

"Naogopa kufia kwenye godoro la watu." Akanigusa bega. "Nimekusikia. Usidhani sijakusikia."

Kisha akainuka akaenda kona ya pili. Hivyo ndivyo ilivyo: miguu ni yake. Nilitaka kumkamata koti. Familia tano zinarudi kesho, na yeye. Waliobaki watabanana kwenye madarasa mawili mpaka tupate pengine.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua imerudi.

Alhamisi, 17 Aprili

Ngazi zimeanguka.

Nilikuwa darasani chuoni, nafundisha jinsi ya kumgeuza mgonjwa asiyejiweza. Simu ilitikisika mara ya kwanza nikaiacha. Ya pili nikatoka nje. Mshonaji hakusema hodi wala habari, alisema, "Zimeshuka. Zote." Nikaelewa kabla hajataja nini.

Nilipofika vumbi lilikuwa limelowa mvua, limekuwa tope jeupe juu ya kila kitu, na upande mmoja wa jumba ulikuwa wazi kama kabati lisilo na mlango. Vyumba vilikuwa vimesimama. Ngazi hazikuwepo. Zile familia tano zilikuwa madirishani, zinapunga nguo. Kabla wazimamoto hawajaja na ngazi yao ndefu, Breki alikuwa ameshaegesha lori chini ya dirisha la ghorofa ya pili, amepanda juu ya paa lake na anapokea watoto. Waliopanga watu pale chini walikuwa wengi na hakuna aliyewapanga. Wengine walizuia barabara, wengine walileta magodoro, wengine walihesabu vichwa kwa majina.

Jina moja halikuitika. Mzee Posta hushuka asubuhi kununua mkate.

Shemeji alichimba kwa mikono. Walimwambia aache, wazimamoto wana vifaa, hakuacha. Mume wangu alikwenda akapiga magoti karibu naye, akaanza kuondoa mawe naye. Walimfikia alasiri.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara. Mume wangu alikuja akakaa, mikono yake myeupe hadi viwiko.

"Ungewakataza tu," alisema, si kwa ukali. "Siku ile. Wangekusikiliza."

"Mzee Posta angenisikiliza?"

Nimeligeuza swali hilo mchana kutwa, na kila upande lina makali. Huenda wengi wako hai kwa sababu nilinyamaza Aprili tano, na mmoja amekufa kwa sababu sikupiga kelele Aprili kumi na mbili. Huenda si hivyo kabisa. Nimeogopa msimu mzima kwamba watu watafanya nisilolitaka. Sikujua kwamba kuna hofu ya pili nyuma ya hiyo, kwamba watafanya walitakalo wao, na nitawapenda hivyo hivyo.

Jumamosi, 19 Aprili

Tumemzika. Watoto wake walikuja kutoka mbali na kutuuliza kila mmoja alikuwaje siku zake za mwisho. Niliwaambia alikuwa msikilizaji mzuri. Miezi miwili iliyopita ningecheka.

Jumapili, 20 Aprili

Mwenye jumba amejitokeza hatimaye, kwa kupitia wakili wake. Anasema hakuna aliyewahi kugusa nguzo yoyote. Anasema mvua.

Shemeji alikuja darasani jioni, akampigia mama yake magoti, akatuambia kesho anakwenda polisi kusema alichokata na aliyemwamuru.

"Watakufunga," alisema mume wangu.

"Huenda."

"Mwenye jumba atasema ulikata kwa kichwa chako."

"Atasema. Na mimi nitasema."

Mama mkwe alimshika kichwa, akakilaza mapajani.

Jumatatu, 21 Aprili

Tulidhani tutakwenda watatu: shemeji, kaka yake na mimi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Tulipofika geti la shule walikuwa wamesimama pale. Mshonaji na mwavuli. Mama wa ghorofa ya sita. Zile familia tano. Yule bwana wa mlangoni, ambaye hakuweza kunitazama. Breki alikuwa ameacha safari ya lori, amevaa shati lililopigwa pasi.

Sikuwa nimemwita mtu. Hakukuwa na kikao. Nilipomwuliza Mshonaji nani amepanga, aliniangalia kama nimeuliza nani amepanga mvua.

Shemeji aliwaona, akasimama. Breki akamwendea. Nilipiga hatua kuwafuata, maana mwili wangu bado unakumbuka. Alimvika koti lake tu, akamwambia, "Twende, nitakuwa kushoto kwako. Ukisahau kitu nitakukumbusha, si ulinieleza mimi?"

Wakaondoka. Mtaa mzima ukasimama kutazama, watu wengi hivyo wanakwenda polisi bila kufukuzana na mtu. Mimi nilibaki nyuma kabisa na mume wangu, nikikwepa madimbwi. Niliogopa njia nzima. Niliogopa wakili, selo, watakachomfanyia shemeji, tutakapolala mwezi ujao. Kwenye njia panda walisimama kidogo, wakanong'onezana huko mbele, wakakata kulia. Hakuna aliyegeuka kuniuliza. Nikakaza mwendo ili nisiachwe.